Kinyama Kimekwenda Wapi?

Maneno haya niliyasema Jumapili mbele ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, chini ya mwembe, Ng'ambo, Tabora. Vijana walinirekodi kwa simu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, na mwenzetu ninayemzungumzia ameridhia yasomwe na wengine.

Mwangaluka, wazee wangu. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mama mwenyekiti, mama zangu, kaka zangu, na ninyi vijana mliokaa juu ya pikipiki kule, sogeeni kivulini, yanawahusu pia.

Jumapili iliyopita tuliachana vibaya hapa. Mwenzetu amepasuliwa, umetolewa uvimbe kwenye utumbo mwembamba, na daftari la michango lilikuwa mezani. Mzee wangu mmoja, ninayemheshimu tangu nikiwa binti, akasimama akasema, "Kansa ya utumbo haina dawa. Tumpe mgonjwa pole, fedha tuwawekee watoto wake." Sikumjibu siku ile. Nilikuwa na hasira, ningemkosea adabu. Wiki nzima neno lile limelala na kuamka nami, ndipo nikamwomba mama mwenyekiti anipe nafasi.

Mnanifahamu. Mnaniita Sista kwa sababu nimefanya kazi ya uuguzi chumba cha upasuaji mpaka nikastaafu. Mimi si daktari, na mambo ya dozi ni ya daktari wa mgonjwa. Ila nimesimama pembeni ya meza ile miaka mingi, nikiona matumbo yakifunguliwa na kufungwa, na kuna jambo moja nimelibeba moyoni ambalo leo nataka kulitua hapa.

Mzee wangu, shikamoo. Ulisema kansa ya utumbo kana kwamba ni moja. Kwenye utumbo mwembamba peke yake wanaingia wageni wa aina nne kubwa, na kila mmoja ana tiba yake. Dawa inayomsaidia mgonjwa wa aina hii inaweza isimguse kabisa mgonjwa wa aina ile. Kwa hiyo mtu akikuambia "ana kansa ya utumbo", bado hujaambiwa kitu. Swali linalofuata ni hili: kinyama kimekwenda wapi? Kile kipande kilichokatwa, nani amekipokea, nani anakisoma, jibu lake linasemaje?

Ngojeni nianze na utumbo wenyewe. Akina mama, chukueni kitenge cha yadi 6, kikunjueni chote kutoka mlangoni hadi huku mwembeni. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu kama huo, mita 6 hivi, umekunjwa ndani ya tumbo. Ule mpana haufiki hata mita 2. Kipande cha kwanza, kinachotoka tumboni penye chakula, kinaitwa duodeni. Hapo ndipo nyongo na maji ya kongosho huingilia. Kipande cha katikati ni jejunamu, cha mwisho ni ileamu, ndicho kinachoungana na utumbo mpana kule chini kulia, karibu na kidole tumbo. Chakula chote mnachokula, michembe, ugali, asali, hufyonzwa katika njia hiyo ndefu.

Na pamoja na urefu wake wote, saratani haipapendi sana. Katika kila saratani 100 za njia ya chakula, za utumbo mwembamba hazizidi 5. Wataalamu wanafikiri ni kwa sababu chakula hupita pale kikiwa majimaji na hakikai. Lakini uchache huo ndio unaotuumiza, maana hakuna anayeifikiria. Mgonjwa anaanza na tumbo linalokata na kuachia baada ya kula. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Anapewa za minyoo. Anapungua mwili, watu wanasema amelishwa kitu, anapelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba, mbuzi anauzwa. Damu inapungua, anaongezewa chupa mbili, anarudi nyumbani, baada ya miezi miwili imepungua tena. Hapo jamani, simameni! Mtu mzima ambaye damu inapungua tena na tena bila sababu kujulikana, au anayepata choo cheusi kama lami, au anayetapika kila akila na tumbo linajaa, au macho yamekuwa ya njano, huyo anahitaji kutazamwa kwa kamera na kwa picha ya CT. Msikubali dawa za vidonda mara ya nne. Kamera ya kumeza kwa mpira huona duodeni lakini haifiki kule katikati, kwa hiyo kamera ikisema "safi" na dalili zinaendelea, ulizeni juu ya picha ya CT.

Mwenzetu alifika pale utumbo ulipoziba kabisa. Mnakumbuka usiku ule, bajaji, kelele. Upasuaji wa dharura umemwokoa, tumshukuru Mungu na mikono ya wale waliomfanyia.

Sasa tiba. Karibu kila njia huanzia mlango mmoja, kisu. Daktari hukata kipande chenye uvimbe pamoja na sehemu nzima kidogo huku na huku, kisha hukata na ule utando ulioshikilia utumbo kama pindo la kitenge, kwa sababu humo ndimo zilimo tezi ambazo saratani huzikimbilia kwanza. Halafu huunganisha ncha mbili. Watu wanaogopa, "ameondolewa utumbo, ataishije?" Anaishi. Kwa mita 6 alizonazo, kuondolewa nusu mita hakumzuii kula na kunenepa. Akikatwa kipande cha mwisho cha ileamu, daktari atafuatilia vitamini B12, kwa sababu hufyonzwa hapo, na pengine atahitaji kuchomwa sindano yake maisha yote. Sindano ya B12 si jambo la kulilia.

Uvimbe ukiwa kwenye duodeni, karibu na mlango wa nyongo, kazi ni nzito zaidi. Upasuaji wake unaitwa Whipple, kwa jina la Allen Whipple, daktari wa Marekani aliyeandika juu yake mwaka 1935. Huondolewa duodeni, kichwa cha kongosho, kibofu cha nyongo na sehemu ya mrija wake, kisha mabomba yote huunganishwa upya. Ni saa nyingi mezani. Upasuaji huo ufanywe na timu inayoufanya mara kwa mara, hata kama ni mbali. Hapo nauli ya treni au basi ni sehemu ya tiba.

Na kama uvimbe hautoki, daktari anaweza kuunganisha utumbo wa juu na wa chini, chakula kikapita pembeni ya kizuizi. Mgonjwa anaacha kutapika, anakula. Nimewaona waliokuja hawajameza kitu kwa wiki, wakaondoka wanaomba chai. Mtu anayesubiri upasuaji na utumbo umebana, tafadhali msimpelekee embe za nyuzi na maboga ya kutafuna, hata kama ni msimu wake na mnampenda. Uji laini, mchuzi, kidogo kidogo.

Baada ya kisu ndipo njia zinapogawanyika, na hapa naomba mnisikilize.

Aina ya kwanza huota kwenye ngozi laini ya ndani ya utumbo. Adenokasinoma. Mara nyingi hupenda duodeni. Tezi zikikutwa zina ugonjwa, kawaida mgonjwa huongezewa dawa za saratani, zile za dripu na vidonge, kama oksaliplatini pamoja na kapesitabini, kwa mizunguko ya miezi kadhaa. Vidole hufa ganzi, hasa akishika kitu cha baridi. Kwa hiyo msimpe maji ya friji wala soda baridi siku hizo. Kuna wachache ambao uvimbe wao una alama maalumu ya vinasaba, na hao huitikia dawa zinazoamsha kinga ya mwili, ingawa bei yake ni kubwa mno. Alama hiyo nayo hupimwa kutoka kwenye kinyama kilekile.

Aina ya pili huota kwenye nyama ya ukuta wa utumbo, madaktari huiita jisti. Hii nitaisema kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayomjibu mzee wangu moja kwa moja. Zamani uvimbe huu ukirudi baada ya upasuaji, tulikuwa tunamrudisha mgonjwa nyumbani. Dripu za saratani haziufanyi kitu. Kisha mwaka 1998 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba jisti nyingi zina swichi ndani ya seli iliyokwama, imewaka haizimiki, na seli zinazaana bila kukoma. Kulikuwa na kidonge kikitengenezwa kwa ajili ya saratani moja ya damu, imatinibu, na ikajulikana kuwa kinaweza kuizima swichi hiyo. Mwaka 2000, kule Ufini, mwanamke mmoja ambaye jisti yake ilikuwa imesambaa, amekwishamaliza njia zote, akapewa kidonge kile. Uvimbe ukasinyaa. Miaka miwili baadaye dawa ikaidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huo. Leo mgonjwa wa jisti yenye hatari kubwa ya kurudi humeza kidonge kila siku kwa miaka 3 baada ya upasuaji, na yule ambaye imesambaa huendelea kumeza maadamu inamsaidia. Kidonge, jamani. Nyumbani kwake, baada ya chakula, na glasi ya maji. Ila apewe mtu ambaye maabara imesema ana jisti. Ukimpa mwenye adenokasinoma umempa kazi ini lake bure.

Aina ya tatu ni limfoma, saratani ya chembe za kinga. Akina mama wenye watoto wadogo, hii ni yenu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, Denis Burkitt, aliandika juu ya uvimbe wa ajabu wa taya na tumbo kwa watoto. Mwaka 1961 akaondoka na wenzake wawili kwa gari, wakazunguka kama kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza mnaye mtoto mwenye uvimbe huu? Wakakuta upo kwenye maeneo ya joto na mvua, kulekule kuliko na malaria. Sisi wa Tabora na ndugu zetu wa Kigoma tunajua malaria ni nini. Uvimbe huo wa Burkitt ukikaa tumboni mwa mtoto hukua upesi mno. Unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Tumbo la Ijumaa silo la Jumatatu. Lakini huohuo unaokimbia hivyo ndio unaoyeyuka kwa dripu. Burkitt mwenyewe aliwaona watoto wakipona kwa dawa kidogo tu za enzi zile. Hapa kisu hakina kazi kubwa. Kazi ni ya dawa, na kuwahi. Watu wazima nao hupata limfoma ya utumbo za aina nyingine, na dawa ndizo nguzo.

Ya nne huitwa nyuroendokrini, jina la zamani kasinoidi. Hukua polepole sana, hupenda ileamu. Ikifika kwenye ini mgonjwa anaweza kuharisha bila sababu na uso kuwaka joto. Huondolewa kwa kisu inapowezekana, na kuna sindano ya mara moja kwa mwezi, oktreotaidi, inayotuliza dalili na kuupunguza mwendo wa ugonjwa. Watu huishi nayo miaka.

Mionzi, kwa kuwa mtaniuliza, haitumiki sana hapa, maana utumbo hauvumilii na haukai mahali pamoja. Husaidia kidogo, kama kutuliza damu au maumivu.

Na kuna jibu la tano ambalo si saratani kabisa. Kifua kikuu. TB hukaa hata kwenye utumbo, hupenda palepale ileamu inapoungana na utumbo mpana, inauziba, inamkondesha mtu, na kwenye picha inafanana na saratani kama mapacha. Tofauti anaijua anayetazama kinyama kwa hadubini. TB dawa zake hapa nchini hutolewa bure, kwa miezi 6, na mtu hupona. Hebu fikirini mgonjwa aliyezikwa na ndugu zake akiwa hai, wakiweka fedha za watoto, kumbe ana TB.

Sasa nitasema lililonileta.

Baba yangu mdogo alipasuliwa zamani, katika hospitali ambayo sitaitaja. Uvimbe wa utumbo mwembamba, mkubwa kama papai. Akatoka vizuri, tukaambiwa "umeondolewa wote", tukapika wali, tukachinja. Miaka miwili baadaye ukarudi. Nikampeleka kwa daktari bingwa, na swali lake la kwanza likawa, majibu ya kinyama yako wapi? Tukarudi kule. Wakafungua madaftari, tarehe ikaonekana, jina lake likaonekana, na upande wa kinyama pakawa patupu. Hakikupelekwa popote. Wakati huo imatinibu ilikuwapo duniani. Huenda ilikuwa jisti, huenda haikuwa. Alikuwa amedhoofika mno kupasuliwa tena, na hakuna daktari wa kuanzisha dawa ya ugonjwa asiojua jina lake. Tumemzika hapo Kanyenye. Na mimi siku ya upasuaji wa kwanza nilikuwa korido, nimevaa sare ya hospitali nyingine, najua kabisa kinyama hutiwa kwenye fomalini, dawa ya kukizuia kisioze. Sikuuliza. Nilifurahi tu kwamba ametoka mzima.

Kwa hiyo ulizeni. Uulize mama, uulize kijana wa bodaboda, uulize kwa heshima lakini uulize: "Daktari, kinyama kimekwenda maabara gani, na jibu tulifuate lini?" Kichupa kiwe na fomalini ya kutosha, mara 10 ya kinyama chenyewe, si maji ya bomba wala spiriti, maana kikioza hakisomeki. Kiwe na jina lote, tarehe na sehemu kilipotolewa. Mkipewa kukibeba wenyewe, kishikeni kama mnavyoshika mtoto. Na jibu likija, pigeni picha kwa simu, wekeni nakala kwa watu wawili.

Cha mwenzetu kimekwenda Mwanza. Nimekiona kichupa kwa macho yangu. Kutokana na jibu, atakwenda hospitali ya Bugando hukohuko Mwanza, au ile ya Ocean Road kule Dar, huko ndiko waliko madaktari wa dawa za saratani. Mama mwenyekiti, naomba daftari la michango liandikwe hivi: gharama ya kipimo, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha msindikizaji, na akiba ya safari ya pili. Msindikizaji msimsahau, wagonjwa wengi huacha dripu katikati kwa sababu aliyewasindikiza ameishiwa. Na pale hospitali aingie ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza, asingoje mpaka deni lijae.

(Hapa mzee aliinua mkono. Aliuliza, "Sista, na jibu likirudi kwamba imeshasambaa?")

Asante, mzee wangu. Inawezekana. Sitawadanganya, kuna majibu mabaya, na adenokasinoma iliyosambaa ni ngumu. Hata hapo kuna cha kufanya. Kuna dawa za kuirudisha nyuma kwa muda. Kuna njia za kuuzibua utumbo ili ale. Kuna morfini ya kunywa, na naomba mtu asiniambie kwamba morfini ni ya walevi. Mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa kipimo alichoandikiwa analala usingizi, anaongea na watoto wake. Fedha zetu zitanunua hayo. Na uamuzi wa kuacha, ukifika, ni wake yeye, akiwa amelijua jina la ugonjwa wake. Sisi tusimwamulie tukiwa tumekaa hapa mwembeni.

Jibu linatarajiwa wiki ijayo. Mdogo wa mgonjwa anao mtihani, hawezi kulifuata. Basi la Mwanza linaondoka alfajiri, Alhamisi. Mimi magoti yangu hayawezi safari ile tena, lakini nauli nimekuja nayo, hii hapa. Nani anakwenda?